Mpe Mwanafunzi Kamera, Kisha Umsikilize



Tuambiane ukweli. Mtoto husikilizwa lini shuleni? Mara nyingi ni baada ya bweni kuungua au wanafunzi kugoma. Hapo ndipo kamati inaundwa, wazazi wanaitwa, na kila mtu anauliza, "Kwani kulikuwa na shida gani?" Shida ilikuwepo siku zote. Waliokuwa wakiiona hawakuulizwa.

Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na isifungwe watoto wakiwa ndani. Sasa jiulize, bweni la mwanao likoje? Pengine wewe hujui. Yeye anajua, analala humo.

Ndiyo maana tunasema mpe kamera.

Jambo hili si geni. Miaka ya 1990, Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wa vijijini katika mkoa wa Yunnan, China. Walipiga picha za maisha yao, wakakaa wakazizungumzia, na picha zikawafikia viongozi. Hakuna aliyehitaji kujua kuandika ripoti.

Simu haziruhusiwi shuleni, na hatusemi mtoto aingize yake kwa siri. Kamera moja ya shule au simu ya mwalimu, mikononi mwa kikundi kidogo kwa wiki moja, inatosha. Wape maswali matatu: Wapi unajihisi salama? Wapi unaogopa? Ungebadilisha nini kesho? Utaletewa mfereji wa kutilia udhu uliokauka, choo cha wasichana kisicho na mlango, na pia kona ya maktaba anayoipenda mtu. Kila picha iwe na sentensi moja ya aliyeipiga.

Mtoto akisema choo ni kibaya, tunamwambia avumilie. Tukioneshwa choo chenyewe, neno hilo linakuwa gumu kutamka.

Lakini kuna masharti, na hapa hatutaki mchezo.

Kwanza, sitara. Piga kitu, usipige mtu. Kitanda bila mwenye kitanda. Hakuna sura ya mtoto, na picha zisipelekwe mitandaoni, hata kwenye ukurasa huu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na dini yetu ilitufundisha sitara zamani. Mzazi aombwe idhini kabla ya kuanza.

Pili, asiadhibiwe mtu kwa alichopiga. Anayeonesha ufa ukutani si mchochezi. Yeye hakuujenga ukuta.

Tatu, jibu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi kwenye bodi ya shule. Huyo ndiye azipeleke picha, na bodi ijibu kwa maandishi: hili tumetengeneza, hili tutafanya muhula ujao, hili hatuna pesa na sababu ni hii. Picha zikifungiwa kabatini, mtoto atajifunza kwamba kusema ni kazi bure. Bora msingemuuliza.

Kuna walimu wakuu wanaohofia kuaibishwa. Tunawaelewa, mara nyingi pesa hawana na lawama ni zao. Lakini picha inayoonesha shule haina maji inamsaidia pia mwalimu mkuu anapokwenda kudai haki ya shule yake.

Shura si ya wazee msikitini peke yao. Anayelala kwenye bweni ana haki ya kushauriwa kuhusu bweni.

Kwa hivyo mzazi, mkutano wa shule ujao usikae kimya mpaka chai iletwe. Simama uulize: "Mara ya mwisho watoto wetu kuulizwa ni lini, na walijibiwa nini?" Kama hakuna jibu, pendekeza kamera.

Wassalam.