Kana Nzito Si Udhaifu wa Mkono



Ndugu zangu wasomaji, juma lililopita baada ya sala ya alasiri alinijia mama mmoja wa mtaani na shauri la nyumbani kwake. Mwanawe wa miaka 16 ameanza kushika kana katika mashua ya babake, na kila arejeapo bega humuuma hata kulala kwake ni kwa taabu. Baba humwita mlegevu mbele ya mabaharia, na kijana sasa hataki kushuka pwani. Mama aliniomba nimpe mtoto nasaha. Nami, kwa kuwa nilikulia vyomboni kabla ya kukalia mkeka wa kusomesha, niliomba kwanza niione mashua.

Yafaa tufahamu kwamba chombo cha tanga hushikwa na nguvu mbili: upepo husukuma tanga, na maji huzuia ubavu na mkuku. Kila nguvu ina kitovu chake. Kitovu cha tanga kikikaa nyuma mno ya kile cha maji, tezi husukumwa, na omo hugeukia upepo. Mshika kana hana budi kuivuta upande wa upepo muda wote. Usukani nao hukaa mshazari, ukaburura maji, na mwendo ukapungua. Basi mkono huchoka na safari haifupiki.

Tulitweka tanga tukabisha kuelekea Shela kwa upepo wa kusi, na nikamwomba baba mwenyewe ashike kana. Hatukufika mbali akaanza kubadilisha mikono. Hakusema neno, wala mimi sikumwuliza.

Tukaanza kurekebisha, jambo moja kwa wakati mmoja, ili tujue lipi limesaidia. Nanga, mitungi ya maji na mifuko ya farumi ilikuwa imerundikwa omoni. Omo ikazama na kung'ata maji, tezi ikawa nyepesi. Tulirudisha sehemu ya uzito nyuma. Kisha mabaharia wawili wakahamia upande wa upepo, kwa sababu chombo kilicholala sana hupenda kugeukia upepo. Tatu, tulilegeza demani kidogo, maana ilikuwa imekazwa kupita kiasi.

Kana ikawa nyepesi, lakini si ya kutosha. Tuliporejea na kushusha tanga, tulisogeza fundo la henza kwenye foromali kiasi cha shibiri moja kuelekea ncha ya nyuma, ili sehemu kubwa zaidi ya tanga ipite mbele ya mlingoti. Tulifunga uzi mahali pa zamani, tusije tukapasahau. Lau hilo lisingetosha, tungeuinamisha mlingoti mbele kidogo kwa kabari.

Hapa nawahadharisha: msitafute kana isiyo na uzito kabisa. Chombo chema, ukiilegeza kana, hugeukia upepo polepole, tanga likapigapiga na nguvu ikaisha. Hiyo ni amani ya baharia dhoruba ikimshtukiza. Chombo kinachoukimbia upepo ni cha hatari, kwani kana ikiponyoka, tanga laweza kuruka upande wa pili kwa kishindo na kukipindua. Kipimo chetu kiwe uzito unaoweza kuzuiwa kwa vidole viwili.

Siku ya pili kijana alishika kana kwenda na kurudi. Baba alimwambia, mbele ya mabaharia wale wale, "Mwanangu, uniwie radhi. Mkono wako haukuwa na kosa."

Enyi wazazi, mtoto anapolemewa na kazi tuliyompa, tutazame kwanza jinsi tulivyoipakia na kuifunga kazi hiyo. Tusiharakishe kumtia ila. Neno la dharau likisemwa mbele ya watu ni zito kuliko kana yoyote, na radhi yake yapasa iombwe mbele ya watu hao hao.

Wabillahi tawfiq.