Honda ya Mwaka 1976 Haitaki Sifa, Inataka Oili

Leo naongea na masela wenye pikipiki za mbio za kizamani. Jumapili nawaona pale Coco Beach mnavyotanua. Tangi linang'aa hadi mtu anaweza kuchania nywele, lakini ukitega sikio kwenye injini utadhani kuna mtu anatwanga kisamvu humo ndani! Jamani, mnajua mnachokipanda?

Mimi ninayo Honda CB400F ya 1976, aliniachia mjomba. Aina hii ilitengenezwa kati ya 1975 na 1977: silinda 4, cc 408, gia 6, na mabomba 4 ya ekzosi yanayopinda na kuungana kuwa moja upande wa kulia. Wajapani kwao walitengenezewa ya cc 398, maana leseni zao ziligawanywa kwenye cc 400. Ukiiua hii, usitegemee kukuta mpya dukani Kariakoo.

Wengi mnadhani uzee ndio unaoziua. Thubutu! Kinachoziua ni uvivu wa mambo madogo ya bei nafuu.

Anza na oili. Kwenye mashine hii oili hiyo hiyo moja inalainisha injini, giaboksi na klachi. Ukiweka oili ya magari ya kisasa, ile yenye dawa ya kupunguza msuguano, klachi inaweza kuteleza: injini inanguruma, pikipiki haiendi. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA. Kwa joto letu hili mimi natumia 20W-50 na naimwaga kila kilomita 2,000, pamoja na kubadili chujio.

Halafu tapeti. Ziko 8, kila moja inataka upenyo wa milimita 0.05, na zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha. Fundi wa kijiweni aliyezoea silinda moja atakwambia, "Bosi, mimi nazisikilizia kwa sikio tu." Mkatalie kwa adabu. Tapeti iliyolegea inapiga kelele, kwa hiyo inakuonya. Iliyobana iko kimya, lakini valvu haifungi sawasawa na moto unaiunguza taratibu. Kimya chake si afya!

Pointi za kuwashia moto nazo msizisahau. Ziko jozi 2: moja ya silinda 1 na 4, nyingine ya 2 na 3. Upenyo ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Zikichakaa, pikipiki inakohoa kama babu mwenye pumu, nawe unakimbilia kuilaumu petroli.

Ukisafiri mwezi mzima, funga koki ya mafuta na umwage petroli iliyobaki kwenye kabureta zote 4. Ikikaa humo inageuka gundi na kuziba vitundu. Na cheni ipake mafuta mara kwa mara, maana huo upepo wa bahari mnaoufuata kule ufukweni una chumvi.

Sasa tuje kwenye roho yako. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa. Ukikamata breki mfululizo yanachemka, mkono wa breki unalala hadi kwenye usukani, na wewe unaanza kuwakumbuka wazazi. Yabadilishe kila baada ya miaka 2, hata kama hujatembea sana.

Tairi je? Zilizotengenezwa tangu 2000 zina tarakimu 4 ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Juzijuzi mshikaji mmoja alikuja nyumbani na kuukuu lake linalometameta, anataka kumpeleka mdogo wangu wa kike Bagamoyo. Nikainama kwenye tairi la nyuma. Nikasoma 1109, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2009! Kashata zimejaa tele, lakini ubavu umepasuka nyufa kama udongo wa kiangazi. Nikamwambia mdogo wangu, "Shuka." Jamaa akafoka kwamba namwonea wivu, eti rangi peke yake imemla laki kadhaa. Rangi! Pesa ya tairi hakuwa nayo.

Mdogo wangu alininunia Jumapili nzima. Bora anune akiwa na miguu yake miwili.

Kwa hiyo, masela, kabla hujampakia mtoto wa watu, weka rangi kando. Kwanza breki na tairi, pili oili, tatu tapeti na pointi. Ikibaki chenji, ndio ununue hiyo rangi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye pikipiki huo ukuta huwa unaugonga kwa kichwa.

Tukutane wiki ijayo. Helmeti kichwani, siyo mkononi!