Tembe la Kwihara ni la nani?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za chumba cha habari zimenibana. Leo nina jambo la Tabora, na najua wengine mtaniambia nimelikuza.

Wengi niliosoma nao chuo wakisikia Tabora wanawaza maembe, asali na treni iliyochelewa. Basi. Mkoa wenyewe una zaidi ya kilomita za mraba 76,000. Rwanda na Burundi zinaingia zote mbili na nafasi inabaki. Ukija kwa basi kutoka Singida unapita Igunga, kisha Nzega, halafu Uyui inayoizunguka Manispaa ya Tabora pande zote. Kusini kuna Sikonge. Magharibi kuna Kaliua na Urambo, na jina Urambo maana yake ni nchi ya Mirambo, yule mtemi aliyewatoa jasho wafanyabiashara wa Kiarabu hadi alipofariki mwaka 1884.

Mjini majengo ya kuonyesha wageni yapo. Kuna boma la Wajerumani. Kuna stesheni, maana reli ilifika hapa 1912, ikaenda Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likafuata 1928. Kuna Tabora Boys, alikosoma Nyerere. Na Januari 1958 TANU walikutana mji huu huu wakaamua kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, uamuzi uliotufikisha kwenye uhuru bila kumwaga damu.

Lakini mgeni akiuliza aone nini, jibu la kwanza karibu kila mara ni Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye Tembe la Livingstone. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, nyumba ya huku bara. Hilo la Kwihara lilikuwa la Waarabu wa Unyanyembe, waliokaa kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Stanley alikaa Kwihara katikati ya 1871, kabla ya kwenda kumkuta Livingstone Ujiji. Wakarudi pamoja Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, na mzee akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti 25. Miezi sita! Mpangaji wa miezi sita ndiye mwenye nyumba mpaka leo.

Na alikuwa akisubiri nani? Wapagazi. Bila wao hakuna msafara wala tembe la kulala. Shuleni tulifundishwa njia hii kama mnyororo wa watumwa tu. Watumwa walipita, tena wengi, na haifai kulifunika hilo. Ila Wanyamwezi wengi walibeba mizigo kwa ujira wa vitambaa, wakipatana bei na kutoroka pale walipopunjwa, na walikuwa na misafara yao wenyewe kwenda pwani. Kwa kijana wa Unyamwezi kufika pwani na kurudi ilikuwa sifa ya kiume. Hawa mbona hawana nyumba yenye jina lao?

Kuna kisa kingine kinachoniuma zaidi. Livingstone alifariki Mei 1873, kwa Chitambo, Zambia ya leo. Chuma na Susi, pamoja na wenzao makumi, waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu. Halima, mpishi wake, alikuwemo kwenye safari ile. Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wauzike hapo hapo. Walikataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Watu waliomkatalia Mwingereza kuhusu maiti ya Mwingereza mwenzake! Hicho ni kisa cha kumsimulia mgeni mpaka chai ipoe.

Bado sijamtaja Isike, mtemi wa Unyanyembe. Januari 1893 Wajerumani walipoivunja ngome yake aliwasha baruti akiwa ndani.

Najua jibu litakalokuja: jina la Livingstone ndilo linaloleta watalii. Sawa, kwa Mzungu wa Glasgow. Lakini reli ya kisasa, ambayo treni zake zilifika Dodoma mwaka 2024, inajengwa kuja Tabora, na watakaoshuka wengi watakuwa sisi, tunaotafuta pa kwenda wikiendi. Njia hii ya kati imo pia tangu 2006 kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, Kwihara ikiwemo. Tutawaambia nini UNESCO, kwamba ni njia ya mtu mmoja?

Sisemi Livingstone afutwe. Abaki, aandikwe mpangaji, pamoja na miezi yake. Juu ya mlango iandikwe Tembe la Kwihara, na ndani chumba cha kwanza wapewe wapagazi: uzito wa mzigo, ujira, nyimbo za njiani, majina ya Chuma, Susi na Halima. Wazee wanaokumbuka walichosimuliwa na babu zao wanazidi kupungua, na kazi ya kuwarekodi haihitaji mfadhili kutoka nje. Inahitaji simu yenye chaji na mtu anayejua Kinyamwezi.