Mwandiko wa Misri si Picha Tupu

Ipo kasumba ya kikoloni ambayo bado haijang'oka vichwani mwa baadhi ya wasomi wetu, nayo ni ile isemayo kwamba Mwafrika hakuwa na maandishi. Ikitajwa Misri ya kale, hujibu: "Wale walichora ndege na nyoka tu." Usemi huo ni uongo, na mwalimu aurudiaye darasani huwadhulumu wanafunzi wake.

Tulichukue neno letu "paa". Paa ni mnyama. Paa ni la nyumba. Na kupaa ni kuruka angani. Tuseme tumemchora mnyama yule ili kuandika sauti yake. Tukiongeza mchoro wa nyumba, msomaji atajua kuwa twasema paa la nyumba. Tukiongeza bawa, atajua kuwa twasema kuruka. Hivyo ndivyo walivyofanya Wamisri. Bata wao, ambaye wataalamu humsoma "sa", aliandika neno lenye maana ya mwana. Mdomo ulikuwa sauti "r", na bundi sauti "m". Miguu itembeayo, ikiwekwa mwishoni mwa neno, haikutamkwa. Ilionyesha tu kuwa neno lahusu mwendo. Irabu hazikuandikwa. Mwandiko huo ulidumu zaidi ya miaka 3,000, na maandishi yake ya mwisho yenye tarehe ni ya mwaka 394 baada ya Kristo.

Wataalamu wa Ulaya waliodhani kila mchoro ni fumbo walipotea kwa karne nyingi. Mfaransa Champollion alipoufumbua mwandiko huo mwaka 1822, alisaidiwa na Kikopti, mzao wa lugha ya Wamisri wenyewe. Ufunguo ulikuwa lugha ya Kiafrika!

Lakini tusiangukie kosa la upande wa pili. Huku kwetu Usukumani, Bayeye, wacheza nyoka, walichora kuta za nyumba za chama chao. Hans Cory alitoa kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Anayeiita mwandiko kama ule wa Misri anakosea. Mchoro wa Bayeye humkumbusha aliyekwisha kufundwa. Haumpi mgeni sentensi aisome neno kwa neno. Una heshima yake, wala hauhitaji kuazima jina la mwingine.

Basi, mwalimu wa Maswa na amchore paa ubaoni. Mwanafunzi aliyeona mchoro ukibeba sauti hatadanganywa tena kuwa Afrika ilichora tu, haikuandika.