Doa la Ngozi Lisilopona

Ndugu mfanyakazi, helmeti tunaivaa kwa kuogopa jiwe. Jua hatuliogopi. Lakini Masisi na Walikale ziko karibu na ikweta, na jua huunguza hata siku ya mawingu.

Anayeumia zaidi ni ndugu yetu mwenye ualbino, kwani ngozi yake haina rangi ya kuikinga. Usoni, masikioni na mikononi huota madoa makavu yanayokwaruza. Mengine hugeuka kansa.

Kwa madoa hayo daktari anaweza kuandika pomadi ya fluorourasili, dawa iliyobuniwa Marekani miaka ya 1950. Huzuia chembe zisizaane. Chembe mbovu, zinazozaana upesi, hufa. Kwa sindano ya mshipa, dawa hiyo hutibu pia kansa ya utumbo na ya matiti.

Pomadi hupakwa kwa kawaida mara 2 kwa siku, wiki 2 hadi 4. Ngozi itakuwa nyekundu, itawaka na kuchubuka. Usidhani umedanganywa: ndiyo kazi yake. Ikizidi, mwone daktari, usijiamulie. Mjamzito asiitumie.

Kansa iliyozama huhitaji kupasuliwa. Basi kofia pana na mikono mirefu tuviheshimu kama helmeti, na doa lisilopona lipelekwe kituo cha afya wiki hii.