Kofia ya kunyoosha kichwa cha mtoto: bima ilipie?

Mama mmoja wa Jang'ombe alinionesha kwenye simu picha ya mtoto wa Ulaya aliyevishwa kofia ngumu ya plastiki. Wa kwake ana miezi minne, kisogo kimekuwa bapa upande mmoja. "Daktari, hii Mfuko utalipa?"

Ana haki ya kuuliza. Tangu Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF) uanze mwaka 2023 na watumishi wa umma, wazazi wengi wanataka kujua kinacholipiwa. Jibu langu kama daktari: hata fedha zikiwepo, kofia hii si ya kuombewa kwanza.

Kisogo huwa bapa mara nyingi kwa sababu mtoto hulalia upande mmoja, na fuvu lake bado ni laini. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa 2014 uliwafuata watoto 84 wenye tatizo hili; nusu walivalishwa kofia kwa miezi sita. Walipofika miaka miwili, waliopona kabisa walikuwa asilimia 26 ya waliovaa na 23 ya wasiovaa. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Uingereza, huduma ya afya ya taifa kwa kawaida hailipii kofia hizi.

Wewe mzazi, endelea kumlaza chali, ndiyo salama zaidi, ila badilisha upande anaogeuzia uso. Akiwa macho, mlaze kifudifudi mara kadhaa kwa siku, ukimwangalia. Usimkande kichwa kwa nguvu. Shingo ikikaza upande mmoja, mlete afanyiwe mazoezi.

Lakini usisubiri ukiona kichwa kinakua haraka, utosi umevimba, anatapika kila mara, au macho yanaelekea chini kama jua linalozama. Huenda kichwa kinajaa maji. Tuta gumu kwenye fuvu nalo lichunguzwe, kwani mifupa huenda imeungana mapema. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha upasuaji wa ubongo. Ukichelewa, ubongo huumia.

Tukidai kwenye Mfuko, tudai hayo kwanza: vipimo na upasuaji viwe uhakika kwa kila mtoto, hata wa mvuvi wa Nungwi. Nawe ukienda kliniki, mwombe muuguzi apime mzunguko wa kichwa kwa utepe na auandike kwenye kadi.

Yule wa Jang'ombe nilimpima. Kichwa chake kinakua vizuri; mama yake alirudi nyumbani bila kununua kitu.