Nyumba ya Kasisi Haikuwa ya Kasisi

Matangazo ya kuuza nyumba za mashambani Uingereza yana lugha yake, na anayeyasoma kwa muda huishia kuikariri. Kuna nyumba ya matofali mekundu au ya mawe ya rangi ya asali, iliyojengwa enzi za wafalme walioitwa George. Ina vyumba sita vya kulala, ngazi pana, madirisha marefu, banda la farasi, bustani yenye ukuta, na mnara wa kanisa unaochungulia juu ya miti. Bei yake mara nyingi hutajwa kwa mamilioni ya pauni, na jina lake karibu kila mara ni The Old Rectory, yaani nyumba ya zamani ya kasisi wa parokia. Dalali haishi kutukumbusha kwamba nyumba hiyo ina historia. Hapo ndipo ugomvi wangu na matangazo haya unapoanzia. Historia ipo, tena nyingi, lakini muuzaji huichuja: hubakiza madirisha akawatupa watu.

Hoja yangu ni kwamba nyumba hizi hazikuwa mali binafsi ya mtu yeyote. Zilikuwa amana ya parokia, zilizojengwa na kutunzwa kwa mapato ya parokia. Kuziuza moja kwa moja, bila wanaparokia kupewa nafasi ya kwanza kuzinunua wala kuzipangisha, kulikuwa ni kuvunja amana. Sheria ya Uingereza iliufumbia macho uvunjaji huo, na soko likaugeuza kuwa pambo.

Tuanze na fedha. Kwa karne nyingi mkulima wa Uingereza alilazimika kisheria kutoa sehemu ya kumi ya mazao yake: ngano, nyasi kavu, wanakondoo, sufu, hata mayai. Hii haikuwa sadaka ya hiari inayotiwa kapuni siku ya Jumapili. Ilikuwa kodi. Waliolipa hawakuwa waumini wa Kanisa la Uingereza peke yao. Wabaptisti na Wamethodisti waliokuwa na nyumba zao za ibada walilipa pia, mradi walilima ardhi iliyotozwa zaka. Si zaka zote zilizomfikia kasisi. Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa katika miaka ya 1530, sehemu kubwa iliangukia mikononi mwa makabaila na vyuo. Lakini pale ambapo kasisi alikuwa na cheo cha rector, yeye ndiye kwa kawaida aliyepokea zaka kubwa, ile ya nafaka, pamoja na mapato ya shamba la kanisa. Mwaka 1836 Bunge lilibadili zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha yaliyopanda na kushuka kwa kufuata bei za nafaka. Mkulima akaacha kutoa miganda, akaanza kutoa pauni. Mzigo ulibaki uleule.

Sasa tazama jinsi nyumba zenyewe zilivyojengwa. Mwaka 1776 Bunge lilipitisha sheria inayojulikana kwa jina la Gilbert, iliyomruhusu kasisi kukopa fedha za kujenga au kukarabati nyumba ya parokia kwa kuweka rehani mapato ya parokia yake. Zingatia jambo hilo, msomaji. Kilichowekwa rehani hakikuwa mali ya kasisi, bali zaka na mapato ya ardhi ya kanisa. Kasisi akifariki kabla deni halijaisha, aliyeshika nafasi yake aliendelea kulipa kutokana na mapato yaleyale. Nyingi kati ya nyumba zile pana zenye madirisha marefu, ambazo leo dalali anazisifia kwa upatanifu wa vipimo vyake, zimetokana na mikopo ya namna hiyo.

Watetezi wa soko huru watasema kwamba kasisi alikuwa na hati, aliishi humo maisha yake yote, na hakuna aliyeweza kumfukuza. Ni kweli, lakini ukweli huo ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ndio ushahidi wangu. Kasisi aliyeondoka, au warithi wake iwapo alifariki, alidaiwa gharama za uharibifu aliouacha: paa linalovuja, uzio ulioanguka, sakafu iliyooza. Mwenye mali hadaiwi kwa kuiharibu mali yake mwenyewe. Anayedaiwa ni aliyekabidhiwa mali ya wengine.

Familia zao pia zilijua hivyo. Jane Austen alizaliwa mwaka 1775 katika nyumba ya kasisi ya Steventon, Hampshire, ambako baba yake alikuwa rector. Mwaka 1801 mzee alipostaafu, familia ilihamia Bath na nyumba ikakabidhiwa kwa mwanawe James, kwa sababu huyo ndiye aliyeshika kazi ya parokia. Alfred Tennyson alizaliwa mwaka 1809 katika nyumba ya kasisi ya Somersby, Lincolnshire. Baba yake alifariki mwaka 1831, na kufikia 1837 mjane na watoto walikuwa wamefungasha virago na kuondoka. Wauzaji hupenda mno majina kama haya, kwa kuwa yanaongeza heshima, na heshima huongeza bei. Lakini kila jina kati ya hayo linashuhudia kinyume cha kile wanachokiuza: aliyeishi humo aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa nyumba ilifuata kazi wala haikufuata damu.

Kwa wale wanaodhani kwamba zaka ni hadithi ya kale, nawaelekeza katika kijiji cha Elmsett, Suffolk. Kando ya barabara, mkabala na kanisa, limesimama jiwe la kumbukumbu la mwaka 1934. Linaeleza kwamba shambani Elmsett Hall zilitwaliwa samani, kikiwemo kitanda cha mtoto mchanga na mablanketi yake, kundi la ng'ombe wa maziwa na marundo 8 ya nafaka na mbegu, vyote vikiwa na thamani ya pauni 1,200, kwa deni la zaka la pauni 385. Wakulima wenyewe ndio waliolisimamisha jiwe hilo, ili anayetoka kanisani alione. Miaka miwili baadaye Bunge lilifuta malipo ya zaka, lakini halikumwacha mkulima huru: badala yake liliweka malipo ya kila mwaka kwa serikali, na ya mwisho yalifutwa mwaka 1977 tu. Kuna wazee walio hai leo Uingereza ambao mashamba yao yalikuwa yakilipa. Hayo nayo ni historia ya nyumba ya kasisi. Sijawahi kuiona katika tangazo hata moja.

Uuzaji ulianza taratibu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kushika kasi baada ya Vita vya Pili. Kanisa liliuza nyumba kubwa, likajenga au kununua ndogo za kisasa, na mara nyingi fedha zilizobaki zikaingia katika mifuko ya dayosisi. Kwa sheria ya mwaka 1976 hata mashamba ya parokia yalihamishiwa kwenye bodi za fedha za dayosisi. Hivyo, hatua kwa hatua, kijiji kilichokuwa na kasisi wake, nyumba yake na shamba lake kikabaki na mnara na makaburi. Leo kasisi wa mashambani huweza kuwa na parokia sita, saba au zaidi, akizunguka kwa gari kutoka ibada hadi ibada, ilhali nyumba iliyojengwa ili kasisi akae karibu na watu huwashwa taa wikendi tu wenyewe wanapokuja kutoka London.

Hapa sharti niwatendee haki wanaonipinga, kwa kuwa hoja yao nzito si ya kubeza. Wanasema Kanisa halikuwa na hiari. Kuanzia miaka ya 1870 nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani ilishusha bei, na mapato ya zaka yakaporomoka pamoja nayo. Kasisi mwenye kipato cha karani alijikuta katika nyumba ya vyumba kumi na viwili, baridi ikipenya kila dirisha, mkewe akiziba paa kwa ndoo. Kumlazimisha aendelee kuishi humo kungekuwa ukatili. Nakubali yote hayo. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba kasisi alistahili kuhama. Haithibitishi kwamba parokia ilistahili kupoteza nyumba. Kati ya kuishi humo na kuuza moja kwa moja palikuwa na njia pana: kupangisha kwa miaka 30 au 60, kugawa nyumba iwe makazi ya familia tatu au nne za kijijini, kuifanya shule au zahanati. Msikiti wenye wakfu wa nyumba mbovu hauuzi wakfu. Humtafuta mpangaji atakayeitengeneza. Mdhamini aliyeshindwa kulitunza shamba hulikodisha, hachukui fedha zake akaziita zake.

Naongeza pia kwamba simtuhumu mnunuzi. Alinunua kihalali, na pengine anaitunza nyumba kuliko ilivyowahi kutunzwa. Ugomvi wangu ni na aliyeuza, na ni na sheria.

Itazameni sheria hiyo. Nyumba nyingi za aina hii zimo katika orodha ya majengo ya kihistoria. Mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha dirisha bila kibali. Dirisha linalindwa. Jirani halindwi. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria iliyowapa wanakijiji haki ya kuomba jengo lenye manufaa kwa jamii liorodheshwe, na likitangazwa kuuzwa wapewe muda wa miezi sita kutafuta fedha na kutoa bei yao. Sheria hiyo imeokoa baa na maduka ya vijiji. Lakini kanuni zake za mwaka 2012 ziliondoa nyumba za makazi katika orodha. Kwa hiyo wanakijiji wanaweza kuipigania baa, lakini nyumba ambayo mababu zao waliilipia kwa ngano haiwahusu. Tena hata kwa baa walichopewa ni haki ya kutoa bei, si haki ya kuuziwa kwanza. Kuvuka mpaka tu, Scotland iliwapa wanajamii waliojisajili haki ya kuuziwa kwanza kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2003. Ni dola ileile moja. Basi tusiambiwe kwamba jambo hili haliwezekani.

Msomaji wa Kiswahili ataniuliza: linatuhusu nini? Linatuhusu kwa sababu mmoja wa makasisi hawa aliishia kwetu. Edward Steere alikuwa rector wa Little Steeping, kijiji cha Lincolnshire kisicho mbali na Somersby ya akina Tennyson, kabla ya kuondoka mwaka 1863 na misheni iliyomfikisha Unguja. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa mwaka 1870, na kanisa alilolijenga Mkunazini limesimama pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Msomi huyo kabla ya kuja kwetu alikula mkate wa wakulima wa Lincolnshire.

Na uhusiano haukuishia kwenye sifa. Miongoni mwa taasisi zilizosaidia parokia maskini na kukopesha makasisi fedha za kujenga nyumba ulikuwamo mfuko wa Malkia Anne, ulioanzishwa mwaka 1704. Ripoti iliyotolewa mwaka 2023 na wasimamizi wa mali za Kanisa la Uingereza ilieleza kwamba mfuko huo uliwekeza fedha nyingi katika Kampuni ya South Sea, iliyosafirisha Waafrika waliotekwa utumwani, na Kanisa likaahidi pauni milioni 100 kwa ajili ya kurekebisha athari zake. Kanisa lenyewe, basi, limekwisha kukiri kwamba mali yake ina daftari, na kwamba majina ya waliolipa hayakomei kwa waliobariki. Likiweza kulifungua daftari hilo kwa ajili ya Atlantiki, haliwezi kulifunga kwa ajili ya Suffolk. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Nadai mambo matatu. Kwanza, dayosisi ziache kuuza moja kwa moja nyumba na mashamba ya parokia yaliyosalia, zipangishe. Pili, sheria iwape wakazi wa parokia haki ya kuuziwa kwanza nyumba yoyote yenye asili ya parokia kila inapoingia sokoni, hata kama imekwisha kupita mikono mitano. Tatu, sehemu ya fedha za mauzo yaliyofanywa na Kanisa irudi kijijini kujenga nyumba za kupanga, kwa kuwa mwaka 2023 bei ya kati ya nyumba nchini humo ilikuwa takriban mara nane ya mshahara wa kati wa mwaka, na vijana wa vijiji hivyo wanahama walikozaliwa.

Kwenu wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma mnaokabidhiwa mali zisizo zenu: mkiambiwa kwamba jengo fulani linauzwa na lina historia, ulizeni nani alililipia, nani alikuwa mdhamini wake, na nani alipewa nafasi ya kukataa. Pale Elmsett jibu la swali la kwanza limechongwa kwenye jiwe.